Mifungo ya Kausila

Kausila Ghimire alikuwa akifunga kuliko miungu wenyewe walivyoagiza. Jumatatu alimfungia mungu Shiva, na hilo halikuwa ajabu, wanawake wengi wa Simalchaur, kule milimani, hufunga Jumatatu. Lakini akifika nyumbani kwa Jasmati Pariyar, kila siku ilikuwa siku ya kufunga. Jumanne amefunga. Ijumaa amefunga. Mwezi ukiandama amefunga, ukipea amefunga. Na si ule mfungo wa wenzake, wa kunywa chai na kutafuna ndizi kutwa nzima. Thubutu! Kwa Jasmati alifunga mkavu, hata tone la maji halikupita.

"Dada, hao miungu wako watakuua kwa njaa," Jasmati alikuwa akimwambia, huku akiwamiminia wengine chai. "Waambie tuna uchaguzi. Wakuache kwanza upige kura, ndiyo wakuchukue."

Kausila hucheka. Na Jasmati hucheka. Wakacheka hivyo mwaka nenda mwaka rudi, na jambo lenyewe hakuna aliyelitaja.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Jasmati alizaliwa katika ukoo wa mafundi cherehani na wapiga zumari, watu ambao kwa mila za milima ile, maji yaliyoguswa na mikono yao hayanywewi na tabaka la akina Kausila. Sheria ilikwisha kuyafuta mambo hayo zamani. Kausila mwenyewe alikuwa amesimama jukwaani mara nyingi akayalaani, akapigiwa makofi mpaka mikono ya watu ikawaka moto. Halafu akishuka jukwaani, akipita kwa Jasmati, amefunga.

Nguo, hata hivyo, ilikuwa na sheria yake. Blauzi zote za Kausila zilitoka kwenye cherehani ya Jasmati. Jasmati alimzungushia futi kifuani, akamshika mabega, akamgeuza huku na huku kama mtoto anayevishwa sare, na hapo hakukuwa na unajisi wowote. Unajisi ulikaa kwenye bilauri tu. Hapo zamani Kausila alikuwa akijitetea kwa kumsingizia mama mkwe wake, bibi mwenye pua ya kunusa mambo, ambaye angemfukuza jikoni siku hiyohiyo. Lakini mama mkwe alikufa, akachomwa kando ya mto, jivu likaenda na maji. Mfungo ukabaki palepale.

Sasa, wawili hawa walikutanishwa na siasa. Vita vilipokwisha na mfalme akaondoshwa, ikaja katiba mpya, na katika sheria zake mlikuwa na neno moja lililowakosesha wanaume usingizi: chama kikisimamisha mwenyekiti wa halmashauri na naibu wake, mmoja kati ya hao wawili awe mwanamke. Wanaume wakaisoma, wakakuna vichwa, kisha wakaielewa kwa namna yao. Mwenyekiti mwanamume, naibu mwanamke. Karibu nchi nzima ikawa hivyo, utadhani walipigiwa filimbi. Ndivyo Kausila, mwalimu wa shule ya msingi ambaye mumewe yuko Qatar anaendesha kreni, alivyopata unaibu. Na kila kata ilitakiwa iwe na mjumbe mmoja mwanamke wa matabaka ya chini. Kiti hicho akapewa Jasmati, na wanaume wakakibatiza jina: kiti cha kupiga makofi.

Wanaume hao waliula wa chuya. Kazi ya naibu ilikuwa kusuluhisha kesi za watu na kukagua miradi, na Kausila alikagua kweli. Dambar Khadka, mwenye tingatinga mbili na tumbo moja kubwa, alipochimba barabara juu ya kitongoji cha akina Jasmati akaifukia chemchemi yao, Kausila alikataa kuipitisha kazi ile. Dambar akasema ataendelea kuchimba, atamwona wa kumzuia. Akamwona. Asubuhi tingatinga inawashwa, Jasmati amekaa katikati ya njia na cherehani yake ya mkono, anashona.

"Toka hapo, mama!" dereva akapiga kelele.

"Nina nguo ya bi harusi hapa, inatakiwa kesho," Jasmati akamjibu bila kuinua macho. "Wewe kama huna kazi, njoo unishikie pindo."

Wanawake wa kitongoji wakaja na vitambaa vyao, wakakaa. Dambar alikuja, akafoka, akatukana, akaondoka. Chemchemi ikafukuliwa. Sifa zote alipewa naibu mwenyekiti, picha yake ikasambaa kwenye simu mpaka Qatar. Kausila alijua kabisa sifa zile ni za nani, na Jasmati hakumdai.

Uchaguzi wa pili ulipokaribia, Kausila alikwenda kupimwa blauzi mpya, ya kuvaa siku ya kurudisha fomu. Jasmati alikuwa na pini mdomoni, akimzunguka.

"Safari hii unakwenda juu, dada," akasema kwa pembe ya mdomo. "Mzee Lekhnath anataka ubunge wa jimbo, kiti cha mwenyekiti anakiacha. Cha nani kama si chako?"

"Na cha kwangu?"

"Cha kwako kipi?"

"Kiti changu cha unaibu. Nani atakikalia?"

Jasmati akatoa pini mdomoni. "Usinitanie, dada. Mambo mengine hayataniwi."

"Nani anatania? Mimi mwenyekiti, wewe naibu. Nisimamishwe mimi peke yangu? Kwanza nani atanikalia mbele ya tingatinga?"

"Wakubwa watakubali?"

Kausila akamwekea mkono kichwani, kama watu wanavyoapa. "Nakuapia kwa binti yangu Sabina. Nikisimama, tunasimama wote. La sivyo sisimami."

Jasmati alikaa chini. Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa kilekile cha blauzi, kisha akaruka, "Ala! Nimekichafua!" Wakaangua kicheko. Halafu, kwa furaha, akakimbilia jikoni, akarudi na bilauri mbili za chuma, chai ya maziwa inafuka mvuke. Moja akaishika mwenyewe, nyingine akamnyoshea Kausila.

Kausila akaitazama ile bilauri.

"Mdogo wangu," akasema, "leo nimefunga."

"Aa, kweli," Jasmati akasema haraka. "Nimesahau mie." Akazinywa zote mbili.

*

Mkutano wa chama ulifanyika katika ofisi ya juu ya duka la mbolea. Walikuwa wanaume kumi na kitu na Kausila. Mzee Lekhnath Subedi, mwenyekiti anayemaliza muda wake, alikaa mbele akichezea kofia yake. Alikuwa mtu wa maneno laini. Hata akikunyima kitu utamshukuru.

"Mwalimu," akasema, "chama kimekukubali. Mwenyekiti wa kwanza mwanamke katika wilaya yetu. Hongera sana."

Makofi. Kausila alisikia damu ikimwenda mbio masikioni. Alisubiri makofi yaishe.

"Nashukuru, mzee. Na naibu wangu ni Jasmati Pariyar."

Mtu akakohoa. Dambar Khadka, aliyekuwa amekalia viti viwili kwa raha zake, akainuka nusu.

"Naibu ni mimi," akasema. "Tulikwisha kuzungumza."

"Mlizungumza na nani?"

"Na wanaozungumza."

"Mwalimu," Mzee Lekhnath akaingilia, "sheria inataka mwanamke mmoja. Tumempata. Ndiye wewe. Sheria imetosheka."

"Sheria inasema wasipungue mmoja, mzee. Haijasema wasizidi."

"Jamani!" Dambar akapiga paja. "Wanawake juu, wanawake chini, na sisi tukapike?"

"Ungepika wewe, Dambar, hilo tumbo lingepungua," Kausila akamjibu, na watu wakacheka. Kicheko kile kikampa nguvu. "Haya, niambieni. Naibu ndiye mkaguzi wa barabara. Barabara za nani? Za Dambar! Mnataka ajikague mwenyewe, ajipe maksi mwenyewe? Jasmati amekaa mbele ya mashine kwa ajili ya halmashauri hii. Kura za kitongoji cha chini zote zilikuja kwetu kwa sababu yake. Mimi nilimwahidi. Tena nimeapa."

Alisema vizuri. Wawili watatu walikuwa wanatikisa kichwa kukubali, na mmoja alikuwa mzee wa makamo wa kata ya sita ambaye hakuwahi kukubaliana na mwanamke yeyote tangu azaliwe. Kausila akaona jambo linawezekana. Kweli kabisa, pale lilikuwa linawezekana.

Mzee Lekhnath akaivaa kofia yake.

"Jasmati ni mwanangu yule," akasema taratibu. "Nampenda. Lakini naibu anasuluhisha kesi za nyumba, anaingia katika nyua za watu wa juu na wa kati, anakaa, anakaribishwa. Mimi sina neno. Watu je? Nikuulize wewe, mwalimu, maana wewe ndiye rafiki yake, umesoma, na unahubiri. Kwake unakwenda kila siku. Umewahi kunywa chai yake?"

Kausila akafungua mdomo.

Angeweza kusema uongo. Nani angekwenda kuuliza? Angeweza pia kusema kweli, aseme sijawahi na ni aibu yangu, na leo nikitoka hapa naenda kuinywa. Maneno hayo yalimjia baadaye, tena vizuri, yamepangika, kama majibu yote ya watu walioshindwa. Lakini pale pale yalikuja mengine, yale aliyoyazoea ulimi.

"Mimi… mimi huwa nimefunga."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Walitazama sakafu wote, kwa heshima, kama watu waliomfumania mkubwa wao akijisaidia njiani. Yule mzee wa kata ya sita akaacha kutikisa kichwa.

"Basi unaona mwenyewe," Mzee Lekhnath akasema kwa upole wa kuua. "Kama wewe umefunga, wengine watakuwa wamefunga mara ngapi? Tusimtie mtoto wa watu aibuni. Wewe juu, Dambar chini. Ama kama hutaki, Dambar juu na wewe ubaki ulipo. Chagua, mwalimu. Chama hakimlazimishi mtu."

Kausila alifikiri haraka, na fikra za haraka zilikuja kumtetea yeye mwenyewe, kama kawaida ya fikra. Nikikataa, Dambar atakuwa mwenyekiti, si itakuwa mbaya zaidi? Nikiwa juu nitamvuta Jasmati. Nitampa kamati. Watoto wa kike shuleni wataona mwanamke mwenyekiti. Kiapo? Sabina atanisamehe.

"Haya," akasema.

Ni hilo tu. Neno moja, na mkutano ukafungwa.

Uani walikuwa wanangoja. Birkhe, mumewe Jasmati, alikuwa na zumari lake na vijana wa ngoma. Wanawake wa kitongoji cha chini walikuwa wametunga mashada mawili ya maua mekundu ya mlimani, yale yanayochanua kabla ya mvua, na Jasmati ameyashika yote mawili, moja mkono huu, moja mkono huu. Alikuwa amevaa sari ya harusi yake. Moyo wa Kausila ukamlipuka paa.

Mzee Lekhnath akatangaza kutoka juu ya ngazi. Jina la Kausila likapokelewa kwa vigelegele, na Jasmati akamjia mbio, akamvika shada la kwanza. "Dada! Dada mwenyekiti!" akasema, akimshika mashavu kwa mikono miwili. Kisha akageuka kungoja jina la pili, na shada la pili mkononi.

"Na naibu mwenyekiti, ndugu yetu Dambar Khadka!"

Zumari la Birkhe likakatika katikati.

Jasmati alimtazama Kausila. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Na Kausila, mwenyekiti mtarajiwa, mwalimu wa watu, akatazama viatu vyake.

Dambar alikwisha kushuka ngazi, shingo mbele, anacheka. Watu wote wanaangalia. Mwenye shada ni mmoja tu.

"Inama basi, bwana," Jasmati akasema. "Mimi mfupi." Akamvika. "Hili lilitungiwa shingo nyembamba. Likikukaba usinilaumu."

Watu wakacheka, na Birkhe akapuliza tena, kwa sababu alikuwa ameitwa kupuliza.

*

Siku zilizofuata nafsi ilimsuta Kausila mpaka akaogopa kukaa peke yake. Akipika wali, anamwona Jasmati na shada. Mumewe akapiga simu kutoka Qatar: "Mwenyekiti! Nikija nitakusalimia kwa kupiga magoti au vipi?" Kausila akacheka, kisha akakata simu akisingizia mtandao. Sabina akapiga kutoka chuoni, akauliza, "Mama, na shangazi Jasmati naye si kapata?" Hapo mtandao ukakatika tena.

Kila asubuhi alivaa akiwa amekata shauri. Leo nakwenda kwa Mzee Lekhnath. Namwambia, Jasmati au chukueni kiti chenu. Na kila asubuhi kabla hajavuka kizingiti, unasikia hodi: wanawake wa kikundi cha akiba na sahani ya peremende, mwalimu mkuu na shada, wakwe wa mbali waliokuwa hawamsalimii. Mwenyekiti wetu! Mama wa kwanza! Na tuseme kweli, ilikuwa tamu. Alijichukia kwa utamu ule, lakini shingo aliinamisha avikwe, na jioni ikaingia hajakwenda.

Siku moja kabla ya kurudisha fomu akasema, basi, kama siwezi kubwa nifanye dogo. Nakwenda kwa Jasmati kuinywa chai yake. Ilikuwa Jumatano. Kwa makusudi alisimama dukani, mbele ya watu, akala mchele wa kupondwa, ule unaoliwa bila kupikwa, na maziwa mtindi, ili hata yeye mwenyewe asipate pa kukimbilia.

Jasmati alikuwa barazani, anakaza vifungo vya blauzi ileile. Wanawake watano wa jirani walikuwa wamekaa naye.

"Karibu, dada," Jasmati akasema. "Nguo yako tayari. Ningekuletea."

"Sikuifuata nguo."

"Umefuata nini basi? Kura? Kura zetu si unazo." Alisema bila chuki, akauma uzi kwa meno. "Na kile kiti cha kata wamwekee mwingine. Nimekwisha kuwaambia. Mimi viganja vimechoka kupiga makofi."

"Jasmati, usifanye hivyo. Mdogo wangu, nitakuweka kwenye kamati ya maji, nikishaapishwa tu—"

"Dada." Jasmati akamtazama kwa mara ya kwanza. "Usiniahidi kitu tena. Nakuomba. Nilichokasirikia si cheo. Walikuuliza nini mle ndani? Wanasema walikuuliza swali moja tu."

Kwa hiyo Jasmati alijua. Kitongoji kizima kilijua.

"Walikuuliza kama umewahi kunywa chai yangu," Jasmati akasema. "Ukawaambia huwa umefunga. Mimi dada, miaka yote hii, nilijua hufungi. Mtoto mdogo anajua. Nilikuachia tu, nikasema ni mimi na yeye, ana aibu yake, siku moja itamtoka. Sikujua kama utakwenda kuisema mbele ya Dambar."

Kausila akataka kusema nisamehe. Kabla neno halijatoka, gari likafunga breki uani na vumbi likapanda mpaka barazani. Dambar Khadka huyo, na wapambe wawili na simu ya kupigia picha.

"Mwenyekiti!" akaita. "Umenitangulia! Ungesema tungekuja pamoja. Shikamooni, mama zangu, shikamooni, nimekuja kuwaangukia. Yaliyopita si yamepita? Chemchemi si ipo?"

Mgeni ni mgeni. Jasmati akainuka, akaingia jikoni. Walimsikia akiwasha kuni, akiponda tangawizi. Dambar akapiga soga peke yake. Kausila akakaa, mikono mapajani, akiiambia mikono ile: leo, leo, leo.

Jasmati akatoka na sinia. Akamjia Kausila kwanza, kama alivyokuwa akifanya siku zote, akamwinamia.

"Leo vipi, dada?"

Hakumtania. Aliuliza kweli. Bilauri zote zilikuwa zimejaa, na moja ilikuwa ya Kausila, mbele kabisa, karibu na vidole vyake.

Sasa sikiliza ubaya wa mazoea. Kausila alitaka. Roho yake yote ilitaka. Akauona mvuke, akaiona ile bilauri, na mkono wake haukuinuka. Ulikataa wenyewe, bila kuulizwa, kama ulivyofundishwa tangu utotoni na mama yake na mama wa mama yake. Pumzi moja tu. Alikuwa anayashinda, hakika alikuwa anayashinda mazoea yale, kidole kimoja kilikwisha kusogea.

"Aa, mwalimu ana miungu wake huyu," Dambar akasema, "lete hapa." Akanyosha mkono wake mnene, akaitwaa ile bilauri kutoka mbele ya Kausila, akaigugumia palepale. Kisha akaitwaa ya kwake, akaiinua juu. "Piga!" akamwambia mpambe wake, na simu ikalia kachaa. "Piga tena nikiwa nakunywa. Watu waone! Dambar hana ubaguzi!" Akaimaliza ya pili, akajifuta masharubu, akasema chai tamu kweli, mama, kumbe mlikuwa mnaificha.

Wanawake wa jirani wakachukua zao kimyakimya. Sinia likabaki tupu.

"Sijafunga," Kausila akasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Wote wakageuka, hata wapambe.

"Sijafunga leo. Nimekula mchele dukani. Sijawahi kufunga hapa, hata siku moja, ila hizo Jumatatu. Ulikuwa uongo. Jasmati, nipe chai."

Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya watu na hakuyafuta. Dambar akashusha simu ya mpambe wake kwa kiganja, maana hata yeye aliona hili si la kupigwa picha. Jasmati akalitazama sinia, akaitazama sufuria kule jikoni, kwa mlango uliokuwa wazi. Akamtazama Kausila muda mrefu, na uso wake ulikuwa na huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma Kausila kuliko yote.

"Imekwisha, dada," akasema. "Yako kanywa naibu wako."

Akaingia ndani, akatoka na blauzi imekunjwa vizuri, akamwekea mapajani.

*

Kesho yake Kausila aliivaa kwenda kurudisha fomu. Ilimkaa sawasawa, mabegani, kiunoni, kwapani hapavuti, kazi ya mtu anayekujua mwili. Zumari lilipigwa na watu wa kitongoji kingine, waliokodiwa na Dambar. Birkhe hakuja. Wa kitongoji cha chini hakuja hata mmoja.

Ndani ya ofisi ya uchaguzi waliketishwa mezani, yeye na Dambar bega kwa bega, nyuma yao Mzee Lekhnath anatabasamu. Karani akaleta chai.

"Kunywa, mwenyekiti," Dambar akasema, akimsogezea kikombe. "Umepauka."

"Nimefunga," Kausila akasema.

"Leo tena? Mfungo wa nani leo?"

Hakuwa na jina la mungu wa kumtajia. Na hakuwa anadanganya. Tangu alipotoka barazani kwa Jasmati hakikupita kitu kooni mwake, hata maji. Alikisogeza kikombe pembeni kisije kikamwagikia fomu, akaomba kalamu, akatia sahihi.